Bamvua la Saa Nne: Kazi ya Mpigapicha wa Kujitegemea katika Visiwa vya Zanzibar

Mpigapicha wa kujitegemea ni mtu anayeishi kwa kuuza picha zake, au siku zake za kazi, kwa majarida mbalimbali bila ya kuajiriwa na hata moja, na kwa sababu hiyo kila anapokubali kazi huwa ameingia katika hesabu tatu kwa pamoja: hesabu ya mwanga, hesabu ya fedha na hesabu ya ruhusa. Katika visiwa vya Zanzibar, yaani Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vinavyovizunguka, huongezeka hesabu ya nne, nayo ni ya maji. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba hesabu hii ya nne ndiyo inayozitawala zile tatu, na kwamba picha ya kisiwa iliyozoeleka katika majarida ya safari, ile ya ufukwe mweupe usio na mtu, imetokana na saa ambayo mpigapicha alilipwa kuwapo pale, kwani ufukwe huohuo saa 6 kabla yake ulikuwa umejaa watu.

Maji ya Bahari ya Hindi katika pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa 24, na kwa ajili hiyo saa ya kujaa husogea mbele kila siku kwa wastani wa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye hutokea bamvua, yaani kipindi ambacho bahari hujaa sana na kupwa sana, hata tofauti baina ya maji ya juu na ya chini ikapindukia mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita 1 hivi, na sehemu kubwa ya miamba na mchanga wa ndani hubaki imefunikwa. Haya yanajulikana na kila mtoto aliyekulia pwani. Lisilosemwa mara nyingi, kwa kuwa mvuvi halihitaji kulisema na mgeni halijui, ni kwamba bamvua lina saa zake: katika visiwa hivi hujaa mwendo wa saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, likapwa mwendo wa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za bamvua zikisonga, kupwa kwa mchana huhama polepole kutoka saa 3 kuelekea saa 6, kisha maji huanza kufa. Kwa mpigapicha maana yake ni moja: bahari ya Unguja hufunua sakafu yake wakati jua limekwisha kuwa kali, na haiifunui asubuhi na mapema wala jioni ila kwa uchache usiomfaa mtu.

Na ni nani anayekuwa juu ya sakafu hiyo inapofunuliwa? Kwa sehemu kubwa ni wanawake. Wengine huenda mwambani kuchokoa pweza, yaani kumtoa pweza katika tundu lake kwa kijiti au chuma chembamba, na wengine huokota chaza na kombe. Lakini tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, shughuli kubwa ya maji kupwa imekuwa hiyo. Mwani ni mmea wa baharini ambao hukaushwa na kusafirishwa nje, ukatolewa dutu iitwayo karagenani, inayotumika kuvipa uzito na kuvigandisha vitu kama dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Zao hili hulimwa katika maji haba yaliyo baina ya ufukwe na mwamba wa nje, mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu siku za bamvua tu.

Kazi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo kipimo cha yote yatakayofuata. Mkulima hufika shambani maji yakiwa yamebakia usawa wa magoti, akiwa amevaa nguo ya mikono mirefu na amejitanda kanga kichwani, pengine na kofia ya ukindu juu yake. Vigingi vimepigiliwa mchangani kwa safu, na kati ya kigingi na kigingi imetandwa kamba; katika kamba hiyo vipande vya mwani, kila kimoja kiasi cha kujaa kiganja, hufungwa kimoja kimoja kwa vijikamba vyembamba vya plastiki, kwa fundo ambalo vidole hulifunga bila ya macho kutazama. Baada ya wiki 6 hivi mwani huvunwa, ukatiwa katika magunia yanayovuja maji ya chumvi, ukabebwa au kukokotwa hadi nchi kavu na kuanikwa. Mkulima hana zaidi ya saa 3 au 4 kwa siku, na siku zenyewe huwa 6 hivi kwa kila bamvua, yaani kiasi cha siku 12 kwa mwezi. Maji yakirudi, kazi imekwisha, iwe imemalizika au haikumalizika.

Ukija mahali hapohapo saa 10 jioni, vigingi havionekani. Maji yamefika kifuani au zaidi, yamekuwa ya samawati iliyokolea, na katika ufuo wa Paje vijana na wageni huteleza juu yake kwa mbao zinazovutwa na vishada vikubwa. Saa hiyo ndiyo ya majarida.

Katika ufundi wa upigaji picha kuna kinachoitwa saa ya dhahabu, nayo ni muda mfupi baada ya jua kuchomoza na kabla ya kuchwa, ambapo miale hupita katika hewa nyingi zaidi, ikapoteza ukali na kuwa na rangi ya manjano iliyoelekea wekundu, na vivuli vikawa virefu na laini. Wapigapicha wa majarida wamefundishana kwa miongo mingi kwamba hiyo ndiyo saa ya kufanya kazi na kwamba mchana ni wa kulala, kula na kuchaji betri. Kanuni hiyo ilizaliwa katika nchi za kaskazini, ambako jua la kiangazi huteremka kwa mshazari na jioni huvutika kwa muda mrefu. Unguja ipo kiasi cha nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua lake huchwa kwa kushuka karibu wima, na kutoka wakati mwanga unapogeuka dhahabu hasa hadi jua kuzama haifiki nusu saa. Kwa hiyo mpigapicha anayefuata kanuni hiyo visiwani huwa na nusu saa ya asubuhi na nusu saa ya jioni, na katika nusu saa zote mbili kazi ya wanawake wa mwani haipo. Hakuna mhariri aliyekaa akaamua kuwaondoa wanawake hao katika picha ya Zanzibar. Waliondolewa na kanuni ya mwanga iliyokutana na jedwali la maji. Wanaume walipata bahati: jahazi hurudi jioni, ngalawa hutoka alfajiri, na tanga lenye kuvimba mbele ya jua jekundu limekuwa picha ya kisiwa kizima.

Mtu anaweza kujibu kwamba mwanga wa saa 4 ni mbaya kweli, na kwamba ufundi hauna hatia. Jibu hilo lina ukweli nusu. Jua la juu hutia macho katika vivuli vyeusi na kuifanya ngozi ing’ae kwa jasho. Lakini wanaosema hivyo kwa kawaida wamejifunza mwanga wa mjini au wa porini, na hawajasimama juu ya mchanga wa matumbawe maji yakiwa yamekupwa. Mchanga huo ni mweupe kama unga, na maji haba yaliyo juu yake hayauzuii usirudishe mwanga juu. Uso ulioinama kuelekea kwenye kamba ya mwani, uliofunikwa na kanga au ukingo wa kofia, haupati jua la moja kwa moja hata kidogo. Unapata mwanga uliopanda kutoka chini, mpana na laini, wenye kugusa kidevu na mashavu na kuingia hadi ndani ya macho. Mastudio hununua vitambaa vyeupe na mbao za kuakisi ili kupata mwanga wa namna hiyo. Bahari ya Jambiani huutoa bure siku 12 kwa mwezi, kwa sharti kwamba mpigapicha akubali kuinama kama anavyoinama mkulima, na si kusimama wima akapiga picha ya migongo.

Kuna tatizo la kipimo ambalo halina budi kuelezwa. Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera huchukulia kwamba kinachopimwa kina wastani wa rangi ya kijivu, na kinapoelekezwa kwenye mchanga mweupe hudanganyika, kikapunguza mwanga hadi mchanga ukawa wa kijivu na uso wa mtu mweusi ukawa kiza kitupu. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa stopu 1 au zaidi kidogo, ambapo stopu ni hatua ya kuzidisha mwanga mara mbili, na kupima uso badala ya mandhari. Hili ni jambo dogo, lakini lina historia nzito nyuma yake, maana filamu za rangi katika karne ya 20 zilisawazishwa kwa kadi za mfano zilizokuwa na sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana katika maabara kwa jina la Shirley, na kwa muda mrefu ngozi nyeusi ilihesabika kuwa kosa la kurekebishwa baadaye. Kamera za leo ni bora zaidi. Kipimamwanga, hata hivyo, bado kinaamini kijivu.

Hapa ndipo hesabu ya fedha inapoingia. Majarida makubwa ya picha, kwa mfano Life lililogeuzwa kuwa jarida la picha la kila wiki nchini Marekani mwaka 1936, yaliwafanya wapigapicha kuwa watu wa kutumwa mbali, na swali la namna ya kuwalipa likazuka mara moja. Mwaka 1944 wapigapicha wa majarida nchini Marekani waliunda chama chao cha kutetea masharti ya kazi, na mwaka 1947 Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walikuwa miongoni mwa walioanzisha Magnum, shirika la ushirika lililojengwa juu ya wazo kwamba haki ya picha ibaki kwa aliyeipiga na jarida linunue matumizi tu. Kutokana na mapambano ya namna hiyo umezoeleka mkataba wenye sehemu mbili: malipo ya siku, yaani kiasi maalumu kwa kila siku ya kazi pamoja na gharama za safari, na ruhusa ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, ambayo ikishatumika mpigapicha huweza kuiuza picha ileile kwingine. Huku kwetu haki hizo zinalindwa na sheria mbili tofauti, ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003, na mwenye kufanya kazi pande zote mbili za mkondo hana budi kuzijua zote mbili.

Malipo ya siku yalikuwa ushindi kwa wapigapicha, lakini visiwani yana kasoro ya pekee. Mhariri anayelipa kwa siku hutafuta kupunguza siku, na kazi ya kisiwa hupewa siku 4 au 5, zikiwamo za kufika na kuondoka. Mzunguko kutoka bamvua hadi bamvua ni karibu siku 15. Anayetumwa kwa siku 5 bila ya mtu kutazama mwezi amechezeshwa bahati nasibu, na akiangukia maji mafu atakuta bahari imekaa kati, haikujaa wala haikupwa, mashamba ya mwani yamefunikwa, wakulima wako majumbani au kwenye shughuli nyingine, na kitu pekee kinachopigika ni ufukwe, mnazi na hoteli. Atapiga hivyo, kwa kuwa harudi mikono mitupu mtu anayetaka kuitwa tena. Mvua ya masika au upepo wa kusi ukimharibia siku moja, hasara ni yake. Mwajiriwa angelipwa mshahara wake palepale. Ndiyo maana picha ya ufukwe mtupu ni salama kwa mtu wa kujitegemea: haihitaji mwezi, haihitaji ruhusa, haihitaji kumsubiri mtu yeyote.

Mpigapicha mwenyeji, kwa upande wake, ana kitu ambacho mkataba wa siku 5 hauwezi kukinunua, nacho ni uwezo wa kungoja. Anaweza kukaa nyumbani siku za maji mafu na kwenda Jambiani kwa daladala bamvua likianza, mwezi huu na mwezi ujao, hadi wakulima wamzoee na kumsahau. Jambo la kusikitisha ni kwamba wenyeji wenye ujuzi huo wameitwa mara nyingi zaidi kuwa waongozaji wa mgeni, wakalipwa sehemu ndogo ya anacholipwa yeye ili wampeleke mahali na saa wanazozijua wao. Mhariri anayetafuta sababu ya picha za visiwa kufanana angeanzia hapo.

Hesabu ya ruhusa ina matabaka mawili. La kwanza ni la kiserikali, nalo linahusu vibali vya kazi ya habari na picha, marufuku ya kupiga picha katika maeneo ya ulinzi, na ruhusa maalumu kwa ndege zisizo na rubani. Hakuna haja ya kulieleza zaidi, kwa kuwa masharti hubadilika na ofisi zipo. La pili ni zito zaidi na halikuandikwa. Katika kijiji mgeni mwenye kamera hupitia kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, ambayo ni ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar, kisha hupitia kwa watu wenyewe, kwa hodi, kwa salamu kamili na kwa shikamoo kwa kila bibi aliyemzidi umri, kabla mkono haujagusa kifuniko cha lenzi. Neno la msingi hapa ni stara, yaani kusitirika kwa mwili, jina na nyumba ya mtu. Mwanamke aliyerowa hadi kiunoni, nguo ikiwa imemshika mwilini, anaweza kukubali kupigwa picha akiwa kazini na bado akawa na haki ya kutotaka kuonekana hivyo na watu asiowajua. Anaposema ndiyo, yafaa ijulikane amekubali nini: uso, mikono, au umbali.

Isidhaniwe kwamba watu wa visiwa hawapendi picha. Mji Mkongwe umekuwa na studio tangu karne ya 19, zikiwamo za wapigapicha wenye asili ya Goa kama A. C. Gomes, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianzishwa mwaka 1930. Huko Lamu, Omar Said Bakor aliwatengenezea wateja wake picha za kuunganisha, akizikata sura zao na kuzitia katika mandhari alizozibuni mwenyewe. Katika studio hizo mpigwa picha alikuwa mteja: alichagua nguo, alichagua pazia, alilipa na kuondoka na picha yake. Jarida liligeuza mpango huo. Anayelipa sasa ni mhariri aliye mbali, picha huondoka na mpigapicha, na aliyepigwa hubaki na maji. Kiswahili kinasema kupiga picha kama kinavyosema kupiga pasi na kupiga simu, bila ya ubaya wowote. Lakini mwenye kumtazama anayepigwa kwa nia ya kuelewa huenda akaona kwamba kitenzi hicho kimekuwa sahihi zaidi kuliko kilivyokusudiwa.

Swali la malipo kwa anayepigwa picha hutatuliwa na majarida mengi kwa kanuni fupi: mtu asilipwe, kwa kuwa malipo huharibu ukweli wa picha. Kanuni hiyo ina maana pale ambapo muda wa mtu hauna mpaka. Kwa mkulima wa mwani, nusu saa ya kusimama akielekezwa, ageuke hivi, ainue kamba tena, asubiri wingu lipite, ni sehemu ya sita au ya nane ya bahari yake ya siku, na mafundo ambayo hayakufungwa leo hayana kesho iliyo tele. Fidia ya muda huo si rushwa. Njia iliyo bora kuliko fedha, hata hivyo, ni kutomsimamisha kabisa: mpigapicha aingie majini pamoja na wakulima, afanye kazi kwa mwendo wao, na kama mikono yake inaweza, afunge mafundo mawili matatu vibaya, ili achekwe.

Pemba inahitaji mhadhara wake yenyewe, kwa kuwa ni kisiwa cha vilima na mikarafuu, na saa yake kubwa ni ya msimu wa mavuno, wakati karafuu mbichi zinapotenganishwa na makonyo yake, yaani vikonyo vya mashada, zikaanikwa juu ya majamvi hadi zikageuka kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia. Wachumaji huko hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, kama mpigapicha anavyolipwa kwa siku. Wageni wengi huiacha kwa sababu ni mbali; pengine umbali huo ndio ulioiokoa.

Limebaki neno kuhusu maelezo ya picha, yaani maandishi mafupi yanayochapishwa chini yake, ambayo mpigapicha wa kujitegemea hupaswa kuyaandika mwenyewe usiku uleule, chumvi ikiwa bado vidoleni. Mashua, jahazi, ngalawa, mtumbwi na dau ni vyombo vitano tofauti, na ngalawa hutambulikana hata kwa mbali kwa matengo yake mawili, yaani mbao zinazoelea ubavuni ili chombo kisipinduke. Majarida ya nje huviita vyote kwa jina moja linalofanana na dau, chombo ambacho mara nyingi hakimo pichani. Makosa hayo huigwa na jarida linalofuata. Vivyo hivyo mwanamke aliyebeba gunia huandikwa kuwa mvuvi, na mwani ukaandikwa kuwa nyasi.

Maji yakianza kurudi, mara nyingi hupita kwanza katika mikondo iliyo karibu na ufuo, nyuma ya mgongo wa aliye shambani, kabla hayajapanda pale aliposimama. Mtu aliyeshughulika na kioo cha kamera huyaona yakiwa yamekwisha kumkata. Wakulima hawahitaji kuyatazama: huhisi ubaridi wake miguuni, hufunga kamba ya mwisho, huitana kwa majina na kuanza kuondoka kwa mstari kupitia njia wanayoijua, magunia yakiwa kichwani. Mpigapicha huwafuata hatua kwa hatua, maji yakimfika mapajani, kisha kiunoni, na kamera nayo huwekwa kichwani.